Nilivyozinyamazisha Spika za Ami

Chekeni tu, mimi nimeshajicheka. Spika za Ami yangu hapa Msambweni zilikuwa zikinguruma kama zina pumu. Ami akasema nikizinyamazisha, nitapiga muziki kwenye harusi ya dada. Mimi, profesa wa video za simu, nikagundua kwamba mngurumo unapitia waya wa ardhi, nikaukata ndani ya plagi ya amplifaya. Kimya!

"Vichwa vya nazi nyinyi," nikawaambia binamu zangu. "Fundi wa nini?"

Jioni Ustadh wetu wa madrasa akaja kutazama mechi, miguu ingali na maji ya udhu. Nikauegemeza mkono mmoja juu ya amplifaya kwa maringo, mwingine nikamnyoshea. "Shikamoo, Ustadh." Nilipoushika tu mkono wake niubusu, tukaruka sote wawili.

"Astaghfirullah! Mtoto huyu ana umeme!"

Ami akaifungua plagi. "Nani amekata waya wa ardhi, ndio unaozuia umeme kumpiga mtu? Harusini angemkaanga bibi harusi!"

Nikaapa sijui lolote.

"Hujui?" Ustadh akauliza, akisugua mkono. "Mbona sebule nzima tuko peku, wewe umevaa ndara za mpira?"

Nilivyochanganyikiwa, nikamjibu, "Marahaba."