Kikombe Kisichoshukuriwa

Nilipokuwa mtoto wa darasa la pili pale Ujiji, tumbo langu lilikuwa na tabia yake. Nikila ugali na maharage lilijaa na kuuma, nami nililala kifudifudi kwenye jamvi mpaka litulie. Bibi aliyenilea alikuwa na hakika kwamba kuna mtu aliniangalia siku moja nikila mlangoni, na jicho lake likabaki humo ndani. Tangu hapo nililishwa chumbani, dirisha limefungwa. Tumbo halikujali.

Jirani yetu alikuwa Mama Jaya, Mhindi mwenye duka la vitenge. Aliniona nilivyokonda, akamweleza Bibi kwamba kwao wana tiba ya kale iitwayo Ayurveda, nayo husema tumboni mwa kila mtu kuna moto unaopika chakula.

"Moto ya huyu iko ndogo," alisema. "Leta yeye asubuhi, kabla hajakula kitu."

Bibi hakuwa mtu wa kupokea dawa ovyo, lakini alikuwa amekwisha kumzika mama yangu, na mimi nilikuwa nazidi kupungua. Alikubali. Kesho yake, huku akinifunga mtandio, akanipa sharti.

"Usimshukuru. Wala asante, wala wakoze ya Kiha. Dawa ikishukuriwa inakufa."

"Sasa nimwambie nini?"

"Mwamkie, unywe, rudisha kikombe, toka."

Kwetu wengi wanaijua kanuni hiyo. Mama Jaya hakuijua, na hakuna aliyefikiria kumweleza. Kila asubuhi alichemsha mbegu za bizari nyembamba, giligilani na shamari, akachuja, akanipa kikombe cha bati kikiwa bado vuguvugu. Ladha yake sikuipenda wala sikuichukia. Nilimaliza, nikaweka kikombe juu ya meza ya vitenge, nikatoka. Yeye alinifuata hadi mlangoni, akasimama kidogo, kisha akarudi ndani.

Siku moja aliniuliza, bila hasira, "Shikamoo iko, asante hapana?"

Nilikimbia. Niliona aibu mpaka nikalia, kwa sababu nilimpenda yule mama. Nilipomsimulia Bibi, aliendelea kuchambua dagaa wake.

"Ukipona kabisa utamshukuru," alisema. "Si sasa."

Nilipona. Jioni moja nilikula ugali kwa samaki wa mgebuka nikamaliza hadi mchuzi, kisha nikalala chali kama watu wengine. Huenda ni zile mbegu. Huenda ni kuacha maandazi ya asubuhi, ambayo Mama Jaya alikuwa amenikataza. Bibi alisema ni ukimya wangu. Nikaomba ruhusa ya kwenda kushukuru, naye akanitaka ningoje mwezi uandame, ugonjwa usije ukasikia ukarudi.

Mwezi haukuwa umeandama bado nilipotoka shule nikakuta duka lina kufuli. Familia ilikuwa imehamia Dar es Salaam. Nilikaa kwenye kizingiti chake mpaka nikaitwa nyumbani. Usiku ule Bibi alinikatia kipande kikubwa cha samaki.

Sikumlaumu, hata nilipokuwa mtu mzima. Alikuwa na mtoto mmoja wa kupoteza, akaona ni heri nionekane sina adabu. Kinachonisumbua ni kwamba Mama Jaya, kama yu hai, ananikumbuka vile.

Siku hizi naishi Kibirizi, si mbali na Ujiji, na mbegu zilezile nazichemsha jikoni kwangu. Juzi mjukuu wa jirani, msichana wa miaka saba hivi, alikuwa akisumbuliwa na gesi. Zahanati walimpima hawakuona baya, nyanya yake akamleta kwangu. Nilimchujia kikombe. Aliniamkia, akanywa chote, akakiweka mezani taratibu, akatoka bila neno.

Nilijua amefundishwa nini, na nani. Hata hivyo nilimfuata hadi mlangoni, nikasimama kidogo.