Kibati Namba Tisa

Ngisi alikuwa na hasira za aina mbili. Za kwanza zilikuwa za kelele, na hizo watu wa gatini walishazizoea. Alikuwa akiwafokea wenye boti, injini, hata mbwa aliyelala juu ya kamba, kisha dakika mbili baadaye anacheka. Za pili zilikuwa za kimya. Hizo zilikuja mara chache, na zilipokuja watu walikumbuka ghafla kwamba wana shughuli sehemu nyingine.

Jina hilo alipewa tangu ujanani kwa sababu akizama kwa pumzi moja anakaa chini mpaka walio juu waanze kutazamana. Sasa alikuwa na miaka arobaini na saba, mjane, mabega mapana, nywele zimepauka kwa chumvi. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiwaongoza wageni waliokuja na miwani ya maji na mirija ya kupumulia kuogelea kando ya pwani ya mawe meusi.

Na pwani hiyo, jamani, ni ya kukufanya usahau kufunga mdomo. Zamani sana, kabla hajawepo mtu wa kuogopa, mlima ulitapika moto, moto ukateremka mpaka baharini, na ulipogusa maji ukaganda palepale. Kuna mahali jiwe limesimama nguzo nguzo zenye pembe sita, zimenyooka kama zimepigwa rula. Kuna mahali ganda la juu lilipoa kwanza, moto wa ndani ukaendelea kutoka kama dawa ya meno inavyokamuliwa, na likabaki shimo refu tupu. Shimo kubwa kuliko yote waliliita Tanuri. Maji yakipwa, mdomo wake unakuwa wazi kiasi cha urefu wa meza, mtu anaingia kichwa kikiwa juu. Ndani dari iko juu kama ya darasa, mwanga unatokea chini ya maji, wa buluu, na darini yananing'inia matone ya jiwe yaliyoganda yakiwa njiani kudondoka. Maji yakianza kujaa, mdomo unafungwa, na pango linaanza kupumua. Hakuna anayetaka kuwa ndani saa hiyo.

Ndiyo maana Ngisi alikuwa na ubao. Marehemu mumewe aliukata kutoka kwenye mlango wa zamani wa jikoni, akaupigilia misumari kumi na miwili, na kwenye kila msumari akaning'iniza kibati cha shaba chenye namba. Kila asubuhi aliwasomea wageni sheria ileile.

"Ukishuka majini, unavaa kibati chako mkononi. Ukipanda, unakitundika wewe mwenyewe. Si mumeo, si mwanao, si mimi. Ubao ukijaa, tunaondoka. Usipojaa, hatuondoki hata kama mvua ya mawe inanyesha. Tumeelewana?"

Miaka kumi na tisa ubao haukuwahi kumdanganya.

Kisha kampuni ya boti ikaleta Meneja mpya. Meneja huyu alikuwa haogelei, lakini alipenda sana ratiba. Safari mbili za siku zikawa nne. Tena akaleta sheria yake: kabla ya kuwasha injini, nahodha aupige picha ubao ukiwa umejaa na kuituma ofisini kwa simu. Picha ya safari ya kwanza ikifika baada ya saa tatu na nusu, safari imechelewa. Ukichelewa mara tatu kwa mwezi, boti anapewa mwingine.

Nahodha wa boti yao alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake. Watu walimwita Fasta, kwa sababu alikula fasta, akaongea fasta, na inasemekana hata harusini alijibu "ndiyo" kabla ya kuulizwa. Mwezi huo Fasta alikuwa ameshachelewa mara mbili.

Asubuhi ya siku ile Ngisi alishabishana na Meneja kwenye stoo ya vifaa, katikati ya harufu ya mpira na mapezi yaliyoning'inia kama samaki wa kukaushwa.

"Leo maji yanageuka mapema. Tanuri tusiingie, au tuingie na muda wa kutosha."

"Mama, ratiba imeshapangwa."

"Maji hayasomi ratiba yako!"

"Wageni wamelipia Tanuri," alisema Meneja, akaondoka akipapasa simu yake.

Basi wakaenda. Wageni kumi na wawili. Namba tisa alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mama wa miaka sitini na kitu, mwembamba, aliyekuja peke yake na kuuliza maswali mengi kuliko wote. Kwa nini pembe sita na si tano? Moto uliganda kwa muda gani? Ngisi alimpenda papo hapo. Kibati cha tisa kilikuwa na pengo ukingoni, pale keekee ilipovunjika siku ya kukitoboa, na rangi ya namba ilikuwa imebanduka nusu.

"Hiki kimeumwa na papa?" Mwalimu aliuliza.

"Papa angekitema. Vaa."

Ndani ya Tanuri mambo yalikwenda vizuri mpaka mgeni mmoja mnene alipokazwa na msuli wa mguu akaanza kumeza maji. Ngisi akawaambia wengine wafuate kamba mpaka botini, akamshika yule bwana kidevuni na kumvuta. Alikusudia arudi kulipekua pango kama afanyavyo siku zote. Lakini alipomsukuma ngazini akainua macho, akauona ubao. Umejaa. Msumari baada ya msumari, vibati kumi na viwili. Kumbe wameshapanda wote. Mgeni wake alikuwa anatapika na kulia, akapanda kumshughulikia. Fasta akatuma picha, akawasha injini. Saa tatu na dakika ishirini na nane.

Walikuwa wameshazipita nguzo, dakika kama kumi hivi, Ngisi alipokwenda kuchukua taulo lililokuwa karibu na ubao. Vibati vilikuwa vinagongana na kudondosha maji. Kasoro kimoja. Namba tisa ilikuwa inang'aa. Haikuwa na pengo. Rangi yake ilikuwa mpya.

Akakigusa. Kikavu.

Akakiacha palepale msumarini. Kisha akageuka kuangalia vichwa vya wageni chini ya turubai, akahesabu, akarudia. Kumi na mmoja.

"Shemeji," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Hiki umekitoa wapi?"

Fasta aliangalia mbele. "Kipi?"

"Nakuuliza mara moja."

"Shem, alikuwa nyuma yako! Nilimwona na macho yangu anakuja, nikasema nitundike tu picha iende, atapanda..."

"Geuza boti."

"Ngoja nimpigie Meneja, boti ya pili iko..."

Ngisi hakusubiri. Alimsukuma kwa bega, akakamata usukani mwenyewe, na boti ikageuka kwa ukali hata wageni wakaangukiana. Fasta alipotaka kuurudisha, alimkata jicho moja tu. Fasta akakaa chini.

Njia nzima hasira hazikumtoka. Alimkasirikia Fasta. Alimkasirikia Meneja na simu yake. Lakini zaidi ya wote alimkasirikia mtu aliyeuangalia ubao akaamini, badala ya kurudi pangoni, na mtu huyo alikuwa yeye mwenyewe.

Walipofika, mdomo wa Tanuri ulikuwa umebaki ufa mweusi, unaonekana, unapotea. Ngisi alijifunga kamba kiunoni, akampa ncha yake yule bwana mnene.

"Nikivuta mara tatu, vuta kama unavuta maisha yako."

Akasubiri wimbi lishuke, akazama.

Ndani palikuwa na giza la buluu na kelele kama mtu anakoroma. Mwalimu alikuwa amejibana kwenye kijukwaa cha jiwe karibu na dari, goti linavuja damu, pezi moja halipo. Maji yalimfika kifuani, kisha shingoni, kisha yakashuka tena.

"Umechelewa," alisema, meno yakigongana.

"Najua, Mwalimu. Nisamehe."

"Mguu ulinasa. Nimepiga kelele, hakuna aliyesikia. Nikaamua kuhesabu." Akameza mate. "Yanakuja mawimbi makubwa matatu, halafu yanatulia sekunde kumi na nane. Wakati mwingine kumi na saba. Tukitoka, tutoke hapo."

Ngisi alitamani kucheka na kulia kwa pamoja. Akamfunga kamba, akamkumbatia. Wakahesabu pamoja kwa sauti: moja, mbili, tatu, sasa! Akavuta mara tatu. Jiwe liliwachuna mgongo wote wawili, lakini walitoka.

Alipopanda botini, jambo la kwanza aliangalia ubao. Msumari wa tisa ulikuwa mtupu. Fasta alikuwa anaangalia bahari upande wa pili, kwa bidii kabisa.

"Umekitupa," alisema Ngisi.

"Nimetupa nini, shem?"

Mwalimu akavua kibati chenye pengo mkononi mwake, akainuka akichechemea huku anatetemeka, akakitundika mwenyewe.

Ofisini kulikuwa na feni inayozunguka bila kuleta upepo. Meneja alikuwa na karatasi tayari, imeshachapwa. Ilisema mgeni namba tisa alitundika kibati chake, kisha akashuka tena majini kwa siri. Chini yake kulikuwa na sahihi ya Fasta, ya haraka haraka, kama yeye mwenyewe.

"Tia na wewe, mama, tumalize."

"Huu ni uongo."

"Mgeni mwenyewe ni mzee, alikuwa kwenye mshtuko. Na picha ipo. Ubao umejaa, angalia." Akamsogezea simu. "Unasema kulikuwa na kibati kingine. Kiko wapi?"

Kiko chini ya bahari, Ngisi alitaka kusema, lakini alijua neno hilo lingesikikaje.

"Usipotia sahihi, kesho usije," alisema Meneja. "Na kumbuka nahodha ni familia yako."

Ngisi akatoka nje, akachukua bisibisi stoo, akaenda botini. Akaufungua ubao parafujo moja moja, akautia kwapani na kupita nao katikati ya barabara, vibati vikilia njia nzima. Watu walimwangalia, lakini hakuna aliyemsalimia. Zilikuwa zile hasira za kimya.

Hakwenda kwake. Alikwenda kwa dada yake. Alimkuta uani ameinamia beseni, povu mpaka viwikoni, sura imekunjwa.

"Nimeshasikia," dada alisema kabla ya salamu. "Mume wangu kaja hapa kalowa, hata chai hajanywa, anasema unataka kumfunga. Sahihi moja tu, mdogo wangu! Itakuchubua mkono?"

"Amekwambia aliyeachwa ni nani?"

"Mgeni mkaidi."

"Mama mwenye umri wa mama yetu, dada. Maji yalikuwa yanamfika hapa." Ngisi akajigusa shingoni. "Aliachwa kwa sababu mumeo alitundika kibati cha bandia ili picha iende. Na mimi nikakiamini. Mimi!" Sauti ilimpasuka. "Miaka kumi na tisa nawaambia watu, ubao ukijaa tuko salama."

Dada alikuwa ameacha kusugua. "Kibati," alisema polepole. "Cha shaba? Cha duara?"

"Ndiyo."

Dada akajifuta mikono kwenye gauni, akanyoosha mkono dirishani, kwenye kopo ambalo huweka vitu anavyovitoa mifukoni kabla ya kufua: vifungo, funguo, misumari. Akalipindua juu ya jiwe la kufulia. Vibati vikamwagika vinang'aa.

"Tangu Meneja huyo aje navitoa kwenye suruali ya mume wangu. Kila siku. Nikimuuliza ananiambia vipuri vya injini." Aliangalia suruali iliyokuwa beseni. "Hivi nimevitoa sasa hivi."

Ngisi akachutama. Wakavipanga pamoja. Moja mpaka nane. Kumi, kumi na moja, kumi na mbili.

Kutoka bafuni ikaja sauti ya Fasta, juu ya sauti ya maji. "Nani huyo unaongea naye?"

Dada akaanza kukusanya vibati.

"Nimekukasirikia na wewe," Ngisi alimwambia dada yake. "Umenipokea kwa kunisuta."

"Nikasirikie. Utapanga foleni, maana mimi nataka kuanza na huyo anayeoga." Dada alikuwa anarudisha vibati ndani ya kopo, macho yamejaa machozi asiyotaka yaonekane. "Nimemfulia ushahidi, mwenzio. Namkaushia, namkunjia, namwekea mezani aende navyo kazini."

Akasimama, akalifunika kopo.

"Ofisi ya bandari inafungwa saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Lete ubao wako."

"Mke wangu!" Fasta aliita. "Suruali yangu iko wapi?"

"Kwenye maji!" dada alimjibu, akafungua geti kwa teke, akatangulia, gauni limelowa povu na kopo limebanwa kifuani. Ngisi akamfuata na ubao kwapani, vibati kumi na viwili vya kweli vikigongana, na kile chenye pengo kikigonga kwa sauti yake tofauti.