Koti la Sir na Moshi wa Udi

Siku ya kwanza kazini, mwaka 2017, Mkuu wa Mavazi wa ukumbi mmoja wa maonyesho kule Irving, jimbo moja na Houston, alinipa pasi ya mvuke, ile yenye mpira mrefu inayonyoosha nguo ikiwa imetundikwa. Akaniuliza kama naiweza. Mimi! Niliyepiga pasi ya makaa Unguja tangu ningali mwari! Nikamwambia, "Bosi, wewe lete nguo tu."

Lakini mahameli sikuyajua. Yeye ndiye aliyenifunza kwamba hayaguswi na bamba la pasi, manyoya yake yakalala. Huvukizwa kwa ndani, kisha hupigwa brashi. Alikuwa mkali, na mwalimu mzuri.

Mwaka uliofuata akaja Sir, mwimbaji na mchekeshaji ambaye Uingereza nzima inamjua. Tuzo zake hazina pa kuwekwa, na Malkia mwenyewe alimvisha nishani na kumpa heshima ya kuitwa Sir. Siku ya nishani alivaa koti jekundu la mahameli alilolishona marehemu mkewe, na tangu hapo hakupanda jukwaani bila hilo. Mzee wa watu alitusalimia sote, mpaka wafagiaji.

Basi mvua ikavuja ndani ya lori lililobeba mavazi yake, koti likafika limelowa, linanuka uvundo. Nikalikausha, nikalivukiza, wapi! Sir akalinusa, akaketi nalo mapajani.

"Bila hili siimbi," akasema. Na tiketi za jioni hiyo zilikuwa zimeuzwa zote.

Nikasema, "Kwetu nguo ya heshima hufukizwa udi."

Mkuu wa Mavazi akaruka. "Moshi? Kwenye koti la mwimbaji? Likiharibika, Mama, kazi huna!"

Sir akanigeukia. "Kwenu hufukizwa nguo za nani?"

"Za maharusi, Sir. Na za baba yangu, kila Ijumaa."

"Basi mwacheni afukize."

Ndani kengele za moto zingelia, nikatoka nje kwenye maegesho. Chetezo cha kufukizia udi, kilichotumika harusi ya mpwa wangu, kilikuwa bado kwenye buti la gari, alhamdulillahi. Nikaweka kaa la moto na kipande cha udi, nikalishika koti juu yake huku namwomba Mungu. Mkuu alisimama kando na ndoo ya maji, maskini! Kisha nikalipunga upepo mpaka moshi ukaisha, ikabaki harufu.

Sir alilinusa tena, akacheka huku analia. Jukwaani akawaambia watu, "Malkia alinipa nishani, lakini kuninukisha hivi hakuweza!" Walivunjika mbavu. Akanichukua mpaka Houston, nikafikia kwa mpwa wangu anayekaa kitongoji cha Stafford, na huko akanipandisha jukwaani na chetezo changu mkononi. Ukumbi mzima ulisimama kunipigia makofi, mimi mpiga pasi.

Nilistaafu 2020, korona ilipofunga kumbi. Hakuna keki, hakuna hotuba. Mkuu alinipigia simu tu. Iliniuma, siwafichi. Mtu akifanya kazi kwa moyo hutaka angalau aagwe.

Siku ile nikatoka barazani kwetu Lewisville, nikalifukiza gauni langu la Idi, nikalivaa, nikaketi sebuleni.

Mjukuu wangu akashangaa. "Bibi, una-go wapi?"

"Siendi popote, mwanangu," nikamwambia. "Natoka kazini."