Mwanamke Aliyeonja Kwanza

Niseme mapema kabla mtu hajanisemea: mwanamke wa ile filamu, yule aliyetia dawa ya kupe katika chakula cha majirani zake, ni mimi. Nilimwigiza vizuri. Sijawahi kuona haya kwa hilo, na walionitaka nione haya walichoka kabla yangu.

Wakati huo nilikuwa na kibanda cha mabati pale Kyumbi, karibu na njia panda, chenye mabenchi mawili na jiko la kuni. Nilipika muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa na kuchemshwa pamoja na maharagwe mpaka yalainike, na wateja wangu walikuwa watu wa bodaboda, wauza matunda na vibarua wa machimbo ya mawe. Kijana mmoja wa Mlolongo alizoea kula kwangu akiwa safarini. Siku moja alinisikia nikimkaripia dereva wa lori aliyekuwa ameegesha mbele ya kibanda changu. Akaweka kijiko chini, akaniambia kwamba anatengeneza filamu na kwa miezi mingi hajapata mwanamke wa kuibeba. Nilidhani ananitania, nikamwambia amalize chakula kisipoe.

Hakuwa ananitania. Hadithi yake ilikuwa ya mjane anayeshukiwa kuwa mchawi, au muoi kama tusemavyo sisi Wakamba, kwa sababu tu watoto wa jirani wameugua. Watu wanaacha kumsalimia, kisha wanaacha kula kwake. Anavumilia mwaka wa kwanza. Baadaye anaanza kusema uongo, anaiba kuku, anacheka peke yake jirani anapofiwa, na kidogo kidogo anakuwa yule yule waliyemdhania. Mwishowe wanakijiji wanajuta. Wanakuja nyumbani kwake wale pamoja yaishe, na yeye anawapikia chakula chenye sumu.

Katika maandishi ya yule kijana, mwanamke anapakua tu na watu wanakula. Nilimwambia hapo amekosea. Kwetu, mahali penye shaka, anayekukaribisha huonja kwanza mbele ya macho yako, na hakuna Mkamba ambaye angekula kwa muoi bila kuona hivyo. Akaniuliza sasa tutafanyaje. Nikachukua sufuria yangu nikamwonyesha: dawa imemwagwa upande mmoja na haikukorogwa. Mwanamke anachota upande wa pili, anakula vijiko viwili akiwatazama wageni, anapangusa mdomo, ndipo anapakua. Kijana akasema tutaipiga hivyo hivyo. Nilitembea siku nzima nimeinua kichwa.

Filamu ilionyeshwa Jumamosi alasiri katika ukumbi mmoja mjini Machakos. Mama yangu alikuwa ameapa kwamba haji, lakini alikuja kutoka Wamunyu na wenzake wawili wa kanisani, wote wamejifunga vitambaa vya chama chao cha akina mama. Picha ilipofika pale pa kuonja, hata waliokuwa wakitafuna njugu waliacha. Ilipokwisha hakuna aliyepiga makofi. Kijana alinitazama kwa wasiwasi, lakini mimi niliyekuwa nimesimama nyuma nilijua kwamba nimewashika wote, na furaha niliyokuwa nayo siwezi kuificha hata leo. Mama alitoka bila kunitazama, akaenda moja kwa moja stendi.

Jumatatu nilipika kama kawaida. Nina desturi ya kula kijiko kimoja mbele ya wateja kabla ya kupakua, na siku hiyo nilifanya hivyo bila kufikiri. Waliokuwa kwenye benchi wakatazamana. Wa kwanza akakumbuka kwamba ana abiria anayemngoja. Mwingine, mtu wa bodaboda aliyekuwa amekula kwangu kwa miaka, alijikuna kisogo akasema, "Mama, si ati nakuogopa. Niko tu na shida ya tumbo." Kisha akaenda kununua chapati tatu kwa jirani yangu, akazila akiwa amenipa mgongo. Nilicheka. Ilipofika jioni nikimwaga sufuria nzima, sikucheka tena.

Hali iliendelea hivyo hadi wiki ya tatu. Nilikuwa na hofu, nisidanganye. Kibanda kile ndicho kilichonilisha mimi na binti yangu, na kikifungwa sikuwa na kingine. Kiongozi wa akina mama wa kanisa letu alinishauri nisimame Jumapili baada ya matangazo niseme kwamba mimi ni mtu mwema, kwamba yale yalikuwa maigizo, na kwamba najuta. Mawili ya kwanza ningeyasema. La tatu lilinikaa kooni. Aliniambia majivuno yataniua kwa njaa. Nikamjibu kwamba basi nitakufa nikiwa mwigizaji mzuri, na akaenda zake akitikisa kichwa.

Alhamisi ya wiki hiyo, saa sita mchana, mama alishuka barabarani na mkoba wake. Watu wa bodaboda walikuwa kivulini ng'ambo ya barabara, wote wanatazama. Aliketi kwenye benchi, akaagiza sahani. Nilishika kijiko nionje kwanza. Akanishika mkono.

"Acha hiyo," alisema. "Pakua."

Nikapakua. Alikula polepole, kama mtu aliye kwake, na mimi nikasimama sijui niiweke wapi mikono. Sahani ilipofika nusu akaniambia, kwa Kikamba na kwa sauti ya chini, kwamba niliyemwiga kwenye ile filamu alikuwa susu yangu, nyanya yangu mzaa baba. Nikakubali. Kijijini kwetu walimwita muoi mpaka siku aliyozikwa, na aliishi peke yake nyuma ya nyumba yetu.

"Lakini yeye hakumtilia mtu sumu," mama alisema.

"Hakumtilia, mwaitu, mama yangu. Na sababu alikuwa nayo. Ndiyo maana najivunia kuwa mjukuu wake."

Aliniuliza nilijuaje kwamba susu alikuwa akipanga sahani mlangoni na kusimama na mwiko mkononi mpaka chakula kipoe bila mgeni kufika, maana hata hilo nilikuwa nimelifanya kwenye filamu, na sisi watoto tulikuwa tumekatazwa kufika kule. Nilikuwa nimeificha siri hiyo tangu nikiwa darasa la pili.

"Nilikuwa nakula kwake," nilisema. "Kila siku nikitoka shule."

Mama aliweka kijiko chini. Macho yake yalijaa machozi na hakuyapangusa. Aliniambia kwamba aliishi boma moja na mama mkwe wake miaka kumi na mmoja, wakichota maji kisima kimoja, na hata siku moja hakuonja chakula chake. Kisha akaniuliza, kwa aibu ambayo sikuwahi kuiona kwake:

"Kilikuwa kitamu?"

"Ni hicho unachokula, mwaitu. Yeye ndiye aliyenifundisha kukipika."

Aliivuta sahani karibu, akashika kijiko na kula mpaka ikaisha, akaniambia nimwongeze.