Namba ya Cheti cha Mwalimu Irabu

Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akifundisha darasa la kwanza, akiwaimbisha watoto a, e, i, o, u mpaka mtaa mzima ukambandika jina: Mwalimu Irabu. Baadhi ya wanafunzi wake wa mwanzo walishakuja kuwaandikisha watoto wao kwake.

Bodi ya walimu ilipotangaza kwamba kila mwalimu awe na leseni na kila cheti kihakikiwe, alipeleka nakala ya chake bila wasiwasi wowote. Wiki tatu baadaye mwalimu mkuu akamwita ofisini, akafunga mlango, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

"Kaa kwanza, dada."

Barua ilikuwa fupi. Namba ya cheti chake ilikuwa ya mtu mwingine, mwanamume aliyesoma chuo kilekile. Mpaka athibitishe, asitie mguu darasani.

"Yaani mimi ni mwalimu feki?"

"Sijasema hivyo. Lakini na mimi nimefungwa mikono."

Nyumbani, mumewe, fundi cherehani, aliisoma barua mara mbili, miwani ikining'inia puani. "Kumbe miaka yote hii nimeoa mwanamume na hakuna aliyeniambia!"

Mwalimu Irabu hakucheka. Mume alipoona mzaha umeangukia pua, aliacha mashine yake, akakishusha cheti kilichotundikwa sebuleni, akakitoa kwenye fremu na kukifunga vizuri kwa kipande cha bitana. "Nenda nacho chenyewe. Nakala haina macho."

Kesho yake alipanga foleni kwenye ofisi ya bodi, cheti kifuani. Chuo chake kilishafungwa zamani. Wakufunzi wake waliokuwa bado hai, hakujua walipo. Nani angesimama aseme huyu tulimfundisha sisi?

Karani wa dirishani alikuwa binti wa rika la kitinda mimba wake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kujua kama mimi ni mimi."

Binti akatabasamu, akakiinua cheti kwenye mwanga, akakigeuza huku na huku. "Mama, hiki kilikuwa kinapigwa jua?"

"Kilikuwa ukutani, mkabala na dirisha."

"Basi. Tarakimu ya mwisho kwenye nakala inasomeka tatu. Lakini hapa naona kama nane iliyopauka upande mmoja. Chuo chenu kilipofungwa, vitabu vyake vya kumbukumbu tuliletewa sisi. Nipe muda nikatafute."

Muda wenyewe ukawa dakika arobaini. Mwalimu Irabu alihesabu vigae vya sakafu, akakosea, akaanza upya. Binti aliporudi alikuwa amekumbatia daftari kubwa, vumbi mpaka kwenye nyusi.

Jina lake lilikuwepo. Namba iliishia na nane. Pembeni palibandikwa picha yake, msichana mwembamba mwenye shingo ndefu na macho ya woga, na chini yake mkaguzi wa mazoezi ya kufundisha alikuwa ameandika kwa wino wa bluu: "Sauti yake ndogo. Darasa zima hunyamaza ili limsikie."

Hakuwahi kuambiwa hayo. Alisoma tena na tena, machozi yakamlengalenga.

"Mama, ni wewe kabisa," binti alisema, akarekebisha namba kwenye kompyuta, akachapisha barua na kuigonga muhuri. "Kesho ingia darasani. Leseni itakufuata shuleni."

Alitoka akakaa kwenye ngazi za nje, akampigia mumewe. Sauti haikutoka, kwikwi tu.

"Usilie, mke wangu," fundi alisema haraka. "Mashine zipo mbili, tutashona wote."

"Nane!"

"Nane nini?"

"Ilikuwa nane, baba watoto! Siyo tatu, nane!" Akaangua kicheko mpaka mlinzi wa getini akageuka kumtazama, Mwalimu Irabu akampungia mkono kama wanafahamiana tangu utotoni.