Kabla Hujafuta Maandishi ya Mgeni

Ipo Jumamosi moja ambayo sijaisahau, mwanangu, na nataka uisikie leo, kabla hujapewa ruhusa ya kufuta maandishi ya watu. Keti tu. Mnaniita mzee wa kikundi; sikatai, maana magoti yangu yanawaunga mkono.

Siku hizo nilikuwa mwanamke mwenye haraka na mdomo mwepesi. Tulikuwa tukikutana katika chumba kimoja hapa Base Camp, katikati ya kambi yetu ya wakimbizi ya Nakivale, chenye mtandao wa kubahatisha, tukiandikia kamusi elezo ya mtandaoni, hiihii ambayo yeyote anaruhusiwa kuiandikia na hakuna anayelipwa. Aliyetuongoza ni Mwalimu Safari, mzee aliyetoka Uvira kule Kongo, nilikotoka na mimi, mtu wa kusema polepole hadi unatamani kummalizia sentensi.

Alikuwa amejiunga nasi Mama Godeliva, Mrundi, muuza maharagwe sokoni. Makala yake ya kwanza aliiandika kwa simu, kwa kidole kimoja, juu ya namna ya kuhifadhi maharagwe yasiharibiwe na wadudu. Alipomaliza aliwatangazia wanawake wote wa kwaya yake ya kanisani wakaisome. Furaha yake ilituambukiza sote.

Jumamosi hiyo tukafungua ukurasa, makala haipo. Mhariri mmoja tusiyemjua alikuwa ameifuta, akaacha ujumbe mbele ya macho ya kila mtu: maandishi haya yameibwa. Ni kweli yalikuwa yamenakiliwa neno kwa neno kutoka kijitabu cha padri mmoja, na kamusi yetu hairuhusu jambo hilo. Lakini sikiliza, mwanangu. Mama huyu alilelewa katika katekisimu, ambako mtoto hujibu vilevile alivyofundishwa, na akiruka neno anarudishwa mwanzo. Kwake yeye, kubadilisha maneno ya padri ndiko kungekuwa kukosa adabu. Alinakili kwa heshima.

Aliusoma ule ujumbe taratibu, midomo ikitembea.

"Mimi nauza pale sokoni, watu wananiachia mizigo yao na watoto wao," akasema. "Leo kwaya yote itasoma kwamba mimi ni mwizi. Kwaherini."

Akajifunga kitenge vizuri, akatoka.

Iliniuma, ila bado nilidhani dawa ni kumwelimisha. Nikaanza kutafuta kurasa za kanuni nimtumie kwenye simu. Mwalimu Safari akanizuia mkono.

"Hapana, mwana. Ule mama alituletea chakula, weye unamupelekea sheria?" akasema. "Hakukosa akili. Alikosa mutu wa kumupokea, na ule mutu ni siye."

Nilinuna kidogo. Unajua jinsi inavyochoma mtu akikwambia jambo la kweli nawe ulishajiandaa kuonekana mwerevu.

Kesho yake, baada ya misa, tukaenda nyumbani kwa Mama Godeliva. Mwalimu hakuitaja makala hata kidogo. Aliuliza habari za watoto na za mvua, akala alichopewa, kisha akataka kujua mtu anatambuaje kwamba haragwe limekauka. Hapo mama akasahau hasira. Akaeleza jinsi anavyoyaanika juu ya turubai, jinsi anavyong'ata moja, likipasuka basi yako tayari, likibonyea yanarudi juani, na jinsi anavyochekecha majivu ya kuchanganyia. Mwalimu akaniashiria niandike. Mama alipomaliza, nikamsomea.

"Hii ni maneno ya nani?" Mwalimu akauliza.

"Yangu."

"Na padri?"

"Padri alisema hivyohivyo, lakini kwa njia yake."

"Basi tuandike kwa njia yako. Halafu chini tutaonyesha kitabu ya padri, batu bajue ni nani alikufundisha. Heshima yake itakaa pale."

Mama akaitikia kwa kichwa. "Nitaandika," akasema, "lakini lile neno la wizi litoke kwanza."

Mwalimu akamwandikia yule mhariri kwa upole, bila kumgombeza. Sisi tulidhani ni mtu wa Ulaya huko. Kumbe ni kijana wa mji wa Mbarara, hapahapa Uganda, anayefanya kazi hii peke yake chumbani, akifuta makala baada ya makala hadi macho yanachoka. Ujumbe ule aliuondoa siku hiyohiyo. Jumamosi iliyofuata akaja mwenyewe hadi chumbani kwetu, nguo zimejaa vumbi la njia ya Kabingo inayoingia kambini.

"Mama, mimi nilikuwa naona maandishi tu," akasema. "Mutu mimi sikuona. Nisamehe."

Mama Godeliva akamtazama, akamvutia kiti. "Kwanza, umekula?"

Nilitokwa na machozi, na sikuyaficha.

Makala ile ipo mpaka leo, na chini yake jina la kijitabu cha padri. Mama Godeliva ndiye anayewapokea wahariri wapya wote, na kwa kila mmoja huanza na maneno yaleyale: karibu, nimesoma ulichoandika.

Basi, mwanangu, sikutumi ulegeze kanuni. Kilichonakiliwa kisibaki, na kisicho na chanzo kitafutiwe chanzo. Lakini soma mpaka mwisho kabla hujagusa kitu. Msalimie mtu kwa jina lake, mshukuru kwa alicholeta, ndipo umwonyeshe pa kurekebisha, na ikiwezekana rekebisheni pamoja. Usimwite mwizi mtu ambaye kosa lake ni ugeni. Sisi wa Nakivale sote tuliwahi kufika mahali ambapo hatukujua taratibu zake, na hakuna hata mmoja wetu aliyemsahau mtu aliyempokea siku ile.

Mungu akupe subira ya kumwona mtu nyuma ya maandishi yake. Mikono yako isikimbilie kufuta. Na popote utakapofika ukiwa mgeni, wenyeji wakuulize jina lako kabla ya kosa lako.