Jina Nililolifuta kwenye Kijitabu cha Mazishi

Sikumtafuta dadangu kwa ajili ya haki. Nilimtafuta ili baba mdogo akose usingizi. Hayo mengine, ya damu kuwa nzito kuliko maji, niliyaongeza baadaye nilipoona kwamba chuki tupu haipendezi kwenye karatasi ya mahakama.

Baba mdogo anaishi jijini, mtaa wa Kawangware, ambako ana vyumba vya mabati vya kupangisha na sauti ya mwenyekiti wa harambee. Siku tulipomzika baba kule kijijini, magharibi mwa nchi, alinijia chini ya hema kwaya ikiwa imeshika kasi, akanipa kalamu.

"Weka sahihi hapa, kijana wangu. Ni mambo ya gari la maiti."

Nikaweka. Mimi ambaye niliwahi kumrudishia mwanafunzi tasnifu nzima kwa sababu ya mkato uliokosekana kwenye marejeleo, sikusoma hata kichwa cha karatasi ile. Ilisema kwamba mimi, mtoto pekee wa marehemu, nimemwachia baba mdogo fungu lote la baba katika shamba la babu. Kabla nyasi hazijaota juu ya kaburi, alikuwa ameshazungusha seng'enge, kaburi likiwa ndani na mimi nje. Nilipompigia simu kulalamika alinijibu kwa upole kabisa: "Ukitaka kuweka maua, unipigie kwanza nimwambie mtu afungue."

Nilimshtaki. Wakili wangu, mama asiyecheka ovyo, aliisoma karatasi mara mbili.

"Hii sahihi ni yako?"

"Ni yangu."

"Ulikuwa umelewa?"

"Hapana."

"Afadhali ungekuwa umelewa." Akavua miwani. "Na ni kweli wewe ndiye mtoto pekee?"

Hapo nilitabasamu kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Baba alikuwa na mtoto mwingine, binti aliye mdogo wangu kwa miaka kumi, kwa mama aliyeishi naye Kibera. Yeye hakuweka sahihi popote. Wakili alinieleza kwamba binti huyo anaweza kuomba aingizwe kwenye kesi kama mrithi, na karatasi ya baba mdogo ingebaki na kazi ya kufungia maandazi, kwa sababu mtu hawezi kugawa kisicho chake. Nilitoka ofisini nikitembea kama mtu aliyepandishwa cheo.

Dadangu hushona sare za shule huko huko Kibera, sehemu ya Soweto West, kwenye kibanda chenye cherehani moja na pazia la maua. Hakusimama aliponiona.

"Karibu, msomi. Ulikuwa umepotea, ama ni mimi nilipotezwa?"

Nilimweleza shida yangu, nikiiita yetu. Alinisikiliza mguu ukiwa juu ya pedali, kisha akavuta droo na kutoa kijitabu cha mazishi ya baba kutoka katikati ya bobini za uzi na vipande vya chaki. Kilikuwa kimekunjika pale pale penye orodha ya familia. Marehemu ameacha watoto wawili. Jina langu, halafu lake.

"Hii ndiyo ushahidi wenu?" akauliza.

"Ndiyo. Baba mdogo mwenyewe ndiye aliyekiandaa."

"Najua. Aliniambia kaburini. 'Ndugu yako alikuwa amekutoa, mimi ndiye nimekurudisha.' Alitaka nimshukuru."

Ilikuwa kweli. Wasifu wa marehemu niliuandika mimi, msomi wa familia, na niliandika kwamba baba aliacha mtoto mmoja. Nilijiambia ni kwa heshima ya mama yangu. Baba mdogo aliposoma rasimu alikasirika, si kwa uchungu wa binti, bali kwa aibu ya hesabu. Kwake yeye ukubwa wa mtu huonekana siku anapozikwa. "Ndugu yangu aende kaburini na kifaranga kimoja?" alinikaripia. "Watu wa Kawangware watasemaje?" Akachukua kalamu nyekundu, akaandika jina la dadangu kwa mkono, akaweka na sahihi pembeni ili mpiga chapa asibishane naye. Majivuno hayo ndiyo niliyopanga kumnyongea.

Dadangu alipeleka ombi. Baba mdogo akajibu kwa kiapo kwamba hamjui mwanamke huyo, na kwamba jina lake kijitabuni lilikuwa kosa la mpiga chapa.

"Tunahitaji kitu kingine," wakili alituambia. "Kuna rasimu?"

Nilikohoa. Rasimu ilikuwa kwangu, ndani ya kamusi, tangu mpiga chapa aliponirudishia. Kila mahali penye wino mwekundu wa baba mdogo pangeonyesha pia mkono wangu uliomwacha dadangu nje.

"Kuna rasimu," dadangu alisema, akinitazama. "Ailete. Na aape ni nani alinitoa. Bila hiyo, mimi naondoa ombi langu, mkae na seng'enge yenu."

Niliapa. Nimeandika insha nyingi katika maisha yangu, lakini hakuna sentensi iliyonichosha kama ile: Mimi ndiye niliyemfuta.

Siku hizi uamuzi husomwa kwa video, kila mtu akiwa kwake. Nilikwenda Soweto West tusikilize pamoja, simu ikiegemea kibuyu cha mafuta ya cherehani. Baba mdogo alionekana akiwa Kawangware, kidevu na dari tu. Jaji aliusoma ushahidi wa rasimu polepole, pamoja na sentensi yangu. Mama mmoja aliyekuwa akingojea sketi ya mtoto aliniangalia kutoka viatuni hadi kichwani.

Kisha jaji akasema binti wa marehemu anaingizwa kwenye kesi kama mrithi, na shamba lisiguswe na mtu hadi kesi isikilizwe. Kidevu cha baba mdogo kilitetemeka. Nilikitazama mpaka kikatoweka. Sitasema uongo, ilikuwa tamu kuliko nilivyotarajia.

"Sasa tuko wadai wawili," nilimwambia dadangu.

"Hapana. Nimeambia wakili aniandike kivyangu. Najisimamia." Akaingiza kitambaa chini ya sindano. "Na ile sehemu ya kaburi nitaiomba mimi. Ukitaka kuweka maua, unipigie kwanza."

Mama wa sketi akacheka. Nilichukua simu nitafute namba ya dadangu, nikakuta sina. Muda wote ule tulikuwa tunawasiliana kupitia kwa wakili.